Imani Kando ya Kitanda: Mwongozo kwa Familia ya Aliyeumia Ubongo Vibaya

Bodaboda imegonga, kijana kafikishwa hospitali hajitambui, na kabla daktari hajamaliza kueleza picha ya CT skani, simu zimeshapigwa: kwa mchungaji, kwa sheikh wa mtaa, kwa shangazi kijijini aanzishe maombi. Ndivyo tulivyo, na sioni sababu ya kuona haya. Shida huja baadaye, pale dua na dawa zinapogombania mgonjwa mmoja, au pale ndugu wanapongoja muujiza wa siku moja kwa jeraha ambalo kupona kwake huchukua miaka.

Mwongozo huu ni kwa familia inayosali, ya Kiislamu au ya Kikristo, iliyojikuta na mgonjwa wa namna hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: imani inayomfaa mtu aliyeumia ubongo ni ile inayokubali kwenda kwa mwendo wa ubongo wenyewe. Inayomharakisha humuumiza.

Hatua ya kwanza: jueni mnaloliombea

Ulizeni alama za Glasgow. Ni kipimo kilichotungwa Uskoti mwaka 1974 na sasa kinatumika karibu kila hospitali. Macho hupewa alama 1 hadi 4, kauli 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya juu ni 15, ya chini kabisa ni 3. Mtu mwenye 8 kushuka chini huhesabiwa ana jeraha kali. Ulizeni pia kama mgonjwa amepewa dawa za usingizi, kwa sababu aliyelazwa usingizi kwa makusudi na kuwekewa mpira wa kupumulia hawezi kuonyesha alama zake halisi. Familia nyingi hukata tamaa, au hushangilia, kwa jambo ambalo lilikuwa ni dawa tu.

Siku chache za mwanzo ubongo huendelea kuvimba. Mgonjwa aliyeonekana afadhali Jumatatu anaweza kuzidiwa Jumatano, na hilo halina maana kwamba kuna mtu kavunja mfungo au kaomba vibaya.

Maswali matatu ya kumpelekea daktari: kuna damu iliyovilia ndani ya fuvu? Anahitaji upasuaji? Kama hapa hakuna daktari bingwa wa ubongo, rufaa ni ya wapi? Kwa Tanzania majibu huwa ni MOI, yaani Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na nyingine kubwa. Ndugu mmoja ateuliwe kuwa msemaji wa familia mbele ya madaktari, na awe na daftari. Watu kumi wakiuliza swali moja kila mmoja kwa wakati wake, hupatikana majibu kumi na ugomvi mmoja.

Msisahau karatasi za polisi: PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya. Bila hizo madai ya bima ya chombo kilichogonga hukwama, na fedha hiyo mtaihitaji sana mbele ya safari. Kama ajali imetokea kazini, mwajiri aulizwe kuhusu fidia.

Hatua ya pili: kuomba ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi

Ombeni, ila kwa sauti ya chini, mtu mmoja au wawili, dakika chache. Kelele na kutikiswa vinaweza kupandisha mgandamizo ndani ya fuvu, na ubongo uliovimba hauna pa kukimbilia. Sura fupi ikisomwa karibu na sikio na mtu ambaye mgonjwa anaijua sauti yake inafaa kuliko mkesha wa watu ishirini dirishani. Mwambieni kwanza nani anazungumza, leo ni siku gani, yuko wapi, kisha someni.

Kuna mambo manne ambayo ningeomba kila kiongozi wa dini anayetembelea wodi ayajue.

Asiweke mikono kichwani. Wakati mwingine madaktari huondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi ya kuvimba, na kipande hicho hurudishwa baada ya wiki au miezi. Chini ya bendeji pale hakuna mfupa, ni ngozi na ubongo. Mkono uwekwe begani au ushike kiganja.

Asimnyweshe kitu. Zamzam, maji ya baraka, maji ya upako, hata kijiko kimoja: mgonjwa asiyeweza kumeza sawasawa hukipeleka kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo huua watu ambao ubongo wao ulikuwa umeanza kupata nafuu. Kama mnataka baraka ya maji, lowesheni kidole mpake mkononi.

Mafuta yasipakwe kwenye mishono. Katika Kanisa Katoliki padri anayetoa mpako wa wagonjwa hupaka paji la uso na viganja. Jeraha likiwa kwenye paji, aelezwe, atapaka mahali pengine.

Ubani na mishumaa vibaki nyumbani. Palipo na oksijeni, cheche moja inatosha kuunguza chumba.

Nimewahi kuambiwa kwamba masharti haya ni kukosa imani. Sikubaliani. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alimwambia bwana mmoja amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Na Hezekia, aliyeahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, bado Isaya aliagiza awekewe mkate wa tini kwenye jipu lake (Isaya 38:21). Tiba haikuonekana kuwa tusi kwa ahadi.

Hatua ya tatu: anapoanza kuamka

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Watu hudhani mgonjwa atafumbua macho, atatabasamu, ataita "mama". Kwa jeraha kali kwa kawaida haiwi hivyo. Kwanza macho hufunguka bila kutazama chochote. Kisha hufuata mtu kwa macho, hubana kidole akiambiwa, leo ndiyo, kesho hapana. Halafu huja kipindi cha vurugu: anachomoa mipira, anatukana matusi ambayo hakuwahi kuyatamka, anavua nguo mbele ya mama mkwe, anapiga, hamtambui mkewe, anasimulia mambo ambayo hayakutokea. Siku nzima inampita asikumbuke hata asubuhi yake.

Watu wa ukarabati, yaani wanaomsaidia mgonjwa arudishe uwezo wake, wana ngazi za kupima mwamko huu, zilizotungwa katika hospitali ya Rancho Los Amigos huko California, na kipindi cha vurugu kina ngazi yake kamili ndani ya orodha hiyo. Maana yake ni kwamba jambo hili linatarajiwa kiasi cha kupewa namba. Mgonjwa anayetukana yuko mbele ya yule aliyekuwa kimya wiki iliyopita.

Sasa basi, hapa ndipo jirani atasema ana majini, na mwingine atasema ana mapepo, na mtaletewa namba ya simu ya mtu wa kuyatoa. Naomba msikie hili kutoka kwa mtu anayeamini maombi: msimpeleke kwenye mkesha wa kutoa mapepo. Kukosa usingizi huamsha kifafa kwa mtu mwenye kovu la ubongo. Kufungishwa kavu humkausha maji. Kusukwasukwa na kuangushwa sakafuni kunaweza kumrudisha chumba cha upasuaji, au asifike. Kumfunga kamba au minyororo ni kumuongezea majeraha. Mkitaka ruqya, yaani kisomo cha Kurani cha kuombea uponyaji, mtu asome aya kwa sauti tulivu, mgonjwa akiwa amelala, taa imepunguzwa, bila kumpiga wala kumkaba.

Kinachotuliza ubongo wenye vurugu ni uchache. Mgeni mmoja kwa wakati. Redio izimwe. Sentensi fupi. Msibishane naye anaposema yuko Tanga wakati yuko Dodoma. Mwambieni mara moja, kwa upole, kisha mgeuzie mazungumzo. Angalieni pia kama ana maumivu, amejaa mkojo, ana homa au hajapata choo, kwa sababu asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa ngumi.

Na asiyeamka je? Wapo wanaobaki macho wazi bila dalili ya kujitambua kwa miezi. Mwaka 2006 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walimweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke kijana wa hali hiyo, wakamwambia awaze anacheza tenisi, na ubongo wake ukafanya kazi kama wa mtu mzima wa afya anayewaza hivyo hivyo. Si wote walio hivyo, lakini mmoja anatosha kutufunga midomo. Msizungumzie mazishi, madeni wala mirathi kando ya kitanda hicho. Salini hapo mkijua pengine anaitikia.

Hatua ya nne: nyumbani, kwa saa za ibada

Hospitali itawaruhusu mapema kuliko mnavyotaka. Mtarudi na mgonjwa, mfuko wa dawa, na godoro. Kazi ya nyumbani ni ndogondogo na haina mwisho, na ndiyo inayoamua kama mtu atasimama tena.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, maana vidonda vya kulalia huanza kimya kimya kwenye makalio na visigino. Kila kiungo kinyooshwe taratibu mara kadhaa kwa siku, la sivyo kiwiko na kifundo cha mguu hukakamaa na kubaki hivyo. Anayelishwa kwa mpira wa puani au kwa kijiko akalishwe wima iwezekanavyo, abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima baada ya kula. Uji mzito huwa salama kuliko maji kwa mtu anayepaliwa, ila kwanza mtaalamu amtazame anavyomeza. Mwombeni mtu wa fiziotherapia awafundishe mazoezi kwa kuwaonyesha, mmoja wenu arekodi kwa simu.

Nyumba ya Kiislamu tayari ina ratiba ya kazi hii: adhana tano. Alfajiri, mgeuze, mpe dawa ya asubuhi, mswaki. Adhuhuri, mazoezi ya viungo. Alasiri, kumkalisha nje. Magharibi, chakula na dawa. Isha, kumsafisha na kumlaza. Nyumba ya Kikatoliki inayosali Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni inaweza kuzifungia kazi hizo hizo kwenye kengele. Faida si ya mhudumu peke yake. Kumbukumbu iliyovunjika hujishikiza kwenye mambo yanayorudi vilevile kila siku, na sauti ya muadhini humwambia mgonjwa saa bila yeye kusoma ukutani.

Kisha kuna jambo linaloshangaza familia: mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kusoma Al-Fatiha yote, au kuimba ubeti mzima wa tenzi. Maneno yaliyokaririwa tangu utoto, na hasa yenye wimbo, ubongo huyashughulikia kwa njia nyingine kuliko mazungumzo ya kawaida. Wataalamu wa Boston miaka ya 1970 walitunga tiba ya usemi inayotumia kiimbo kwa sababu hiyo hiyo. Itumieni. Anza wewe, "Baba yetu uliye…", umwachie neno la mwisho. Akizoea, mwachie mawili. Baadaye imbeni kwa kiimbo hicho mahitaji yake: "naomba maji". Ila msidanganyike: kusoma sura nzima hakumaanishi ameelewa habari za kiwanja mlizomweleza asubuhi.

Tasbihi au rozari mkononi ni zoezi zuri la vidole, la kuhesabu na la kufuata mpangilio. Mpe iliyo na punje kubwa. Akipoteza hesabu asirudishwe mwanzo.

Dawa za kifafa

Jeraha kali linaweza kuleta degedege miezi au hata miaka baadaye. Ikitokea, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, tazameni saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimshikilie kwa nguvu, msimnusishe kitu. Ikipita dakika 5, au ikijirudia kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja.

Akiwa anatumia fenitoini, kabamazepini, valproeti au fenobabitoni, asiache kwa ghafla kwa sababu yoyote. Kiongozi yeyote wa dini atakayemwambia mgonjwa atupe vidonge athibitishe uponyaji anamweka kwenye hatari ya degedege isiyokatika, ambayo huua. Kama Mungu amemponya, daktari ataliona hilo na atapunguza dozi taratibu. Uponyaji wa kweli hautaogopa kupimwa.

Hatua ya tano: ibada kwa mwili uliobadilika

Muislamu aliyeumia hupata dhiki kubwa kuhusu sala na funga kuliko tunavyodhani. Mafundisho yenyewe ni mapana. Asiyeweza kusimama huswali amekaa, asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu. Asiyeweza kutawadha hutayamamu, yaani hutumia udongo safi badala ya maji. Kalamu imeinuliwa kwa aliyepoteza akili mpaka zirudi, kwa hiyo miezi ya kutojitambua si deni la kumkaba nalo. Kuhusu Ramadhani, Al-Baqara aya ya 184 na 185 zinamtaja mgonjwa wazi: atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kuweza hulisha maskini. Mwenye dawa za kifafa asianze kufunga kabla daktari na sheikh wake hawajazungumza saa za dawa. Kusujudu kichwa chini humletea wengi kizunguzungu. Ambaye kipande cha fuvu hakijarudishwa ainame kwa ishara tu.

Mkatoliki asiyeweza kumeza mkate anaweza kukomunika kwa divai kidogo, kama mtaalamu amekubali ameze majimaji. Kama sivyo, mpako na komunyo ya tamaa vipo.

Kuhusu kurudi msikitini au kanisani, spika ndizo tatizo kubwa. Ubongo ulioumia huchoka kwa kelele na mwanga upesi kabisa. Anzeni na ibada ya katikati ya wiki, mkae karibu na mlango, mtoke baada ya robo saa bila kuomba radhi kwa mtu.

Anaporudi akiwa mwingine

Sehemu ya mbele ya ubongo hushika subira, haya na msukumo wa kuanza jambo. Ikiumia, mzee wa kanisa anaweza kuwa mtu wa hasira za ghafla, na mama aliyekuwa wa kwanza kwenye jumuiya anaweza kukaa kutwa akitazama ukuta, asisali hata akiona wengine wanasali. Msimhukumu kwamba imani imepoa. Hajui pa kuanzia. Mshike mkono, anzisha sala wewe, utaona anafuata.

Wengine huwa kinyume: huanza kusikia sauti, kukesha usiku wakihubiri, kugawa mali. Hilo lipelekwe kliniki, maana linaweza kuwa ni kifafa cha ndani au ugonjwa wa akili unaotibika. Na anayesema afadhali angekufa asijibiwe kwa aya. Akaliwe karibu, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akimkasirikia Mungu, mwacheni akasirike. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya (Ayubu 2:13), na hilo ndilo jema walilofanya. Makosa yao yalianza walipofungua mdomo kueleza sababu.

Kwa hiyo wageni wenye sababu, "amelogwa", "ni dhambi ya baba yake", "mngetoa sadaka kubwa zaidi", wapeni kazi. Huyu alete pampasi, yule akae zamu ya usiku Alhamisi ili mke wa mgonjwa alale. Katika Kutoka 17 Haruni na Huri waliishikilia mikono ya Musa ilipochoka, na anayehudumia nyumbani ndiye Musa wa siku nyingi hizi. Fedha ya picha ya pili ya CT skani isitoke nyumbani kwenda kuwa sadaka ya mbegu ya mtu yeyote.

Muda, na dalili za kurudi hospitali

Mabadiliko makubwa huonekana zaidi miezi 6 ya mwanzo, huendelea hadi mwaka wa pili, na baada ya hapo hupungua kasi bila kukoma. Andikeni kwenye daftari anachoweza kila mwisho wa mwezi, kwa maana anayemwona kila siku haoni.

Rudini haraka mkiona kichwa kinauma sana na kutapika, usingizi unaozidi, homa, maji meupe yakitoka puani au sikioni, au mtu aliyekuwa ameanza kutembea anaanza kuyumba, kujikojolea na kuchanganyikiwa. Hilo la mwisho linaweza kuwa maji yaliyojaa kwenye ubongo, na upasuaji husaidia.

Kuhusu ushuhuda

Siku atakapoweza kutembea, kanisa litataka asimame mbele, au familia itataka kuandaa hitima ya shukrani na yeye awe wa kuonyeshwa. Ngojeni hadi aweze kuchagua mwenyewe. Mpeni kwanza jukumu dogo analoliweza: kupanga vitabu vya nyimbo, kugawa misahafu kabla ya darsa. Akitaka kushuhudia, aandike kwenye karatasi, asome dakika tatu, aseme yaliyo kweli: nani alimgeuza usiku, daktari alifanya nini, nini hakijarudi. Na kama bado anameza vidonge asubuhi na jioni, alitaje hilo pia, kwa sababu kwenye viti vya nyuma amekaa mgonjwa mwingine mwenye vidonge vyake mfukoni, anayesikiliza.